Giaboksi ya Beberu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kufuli la banda lilikubali ufunguo. Lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka kumi na tisa, na Fundi alilinywesha mafuta ya taa mara tatu, akiuzungusha ufunguo kushoto na kulia taratibu kama mtu anayetikisa jino bovu. Mlango ulipoachia, popo wawili walitoka. Nyuma yao alikuwa Beberu, trekta la marehemu baba yake, magurudumu ya nyuma yamelala kwa kukosa upepo, kiti kimeliwa na panya, rangi nyekundu imebaki pale tu ambapo oili iliwahi kumwagika.

Baba ndiye aliyelipatia trekta lile jina hilo, kwa sababu ukiliwasha kwa hendeli lilikuwa na tabia ya kurudisha teke. Lilikuwa limeshamvunja mtu mmoja kiwiko kabla halijamuua mwingine.

Aliyeuawa alikuwa baba mwenyewe. Kila mtu aliijua habari hiyo, na wote waliisimulia kwa namna moja. Mtoto wa kwanza, kaka yake Fundi, alikuwa akilima shamba la chini. Alizima injini, akaenda kunywa maji. Baba akaja kulisogeza trekta. Swichi ya stata ilikuwa imekufa siku nyingi, na nyumba ile ilikuwa na njia yake ya kuwasha: unasimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma, unaunganisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi, injini inaitika. Walifanya hivyo mwaka mzima bila kudhurika. Siku ile trekta lilikuwa kwenye gia ya kwanza. Liliwaka na kuondoka papo hapo, likapita juu ya baba, likaenda kuzimika kwenye kichuguu.

Kaka aliapa kwamba aliliacha nyutro, gia zote zimetoka. Mama hakubishana naye. Alichukua sahani ya bati ya kaka, ile yenye ukingo wa buluu, akaitoa nje, akaijaza maji na kuiweka chini ya bomba ili kuku wanywe. Siku tatu za msiba kaka alikula kwa majirani. Siku ya nne aliondoka. Miaka yote iliyofuata hakuendesha chochote. Alijifunza cherehani katika mji ulio mwendo wa saa nne kwa basi, na kila Ijumaa alimpigia Fundi, dada yake mdogo, simu kuuliza mama anaendeleaje.

Sasa jibu la swali hilo lilikuwa limebadilika. Moyo wa mama ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amewaambia wasipange mambo ya mwakani.

"Mdogo wangu," kaka alisema kwenye simu, "mimi siji kumzika mtu aliyekataa kuniona akiwa hai. Kama nitakuja, nije sasa. Niulizie."

Fundi alimuuliza mama akiwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Aje kufanya nini?"

"Kukuona, Mama."

"Anasemaje kuhusu gia?"

"Anasema lile lile. Aliliacha nyutro."

"Basi hajawa tayari kuniona." Mama alitupa jiwe dogo dirishani. "Na wewe, si fundi wewe? Watu wanakuletea pampu zao kutoka ng'ambo ya mto, trekta la baba yako limelala hapo hatua thelathini linaota kutu. Lifufue. Mistari sita ya shamba la chini haikumalizika. Nataka niione imelimwa kabla sijaondoka."

Fundi aliitikia. Hakusema kwamba palikuwa na chuma kimoja tu duniani ambacho hakutaka kukifungua, nacho kilikuwa giaboksi ya Beberu.

Wiki tatu kabla ya ajali, gia za Beberu zilikuwa zikikwama. Baba alifungua kifuniko cha giaboksi, akatazama ndani, akatazama mikono yake iliyokuwa mipana kama koleo, akamwita Fundi, binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na sita. Mle ndani mna fimbo za chuma zinazosukumwa na mkono wa gia, na kila fimbo imebeba uma. Uma ndio unaosukuma gia iingie na itoke. Uma hushikwa kwenye fimbo kwa skrubu moja, nayo skrubu hufungwa waya isilegee. Kazi yake ilikuwa kuikaza skrubu ya uma wa gia ya kwanza. Ilimponyoka vidoleni, ikazama kwenye oili. Kuitafuta kulitaka kumwaga oili yote, na baba alikuwa ameshakasirika tangu asubuhi. Basi aliokota msumari, akaupitisha kwenye tundu la skrubu, akaukunja ncha.

"Umefunga?" baba aliuliza.

"Nimefunga."

Msumari ule haukuwahi kumtoka akilini. Alichokuwa hajui ni kama ulikatika. Kama ulikuwa mzima, kaka ndiye aliyekosea. Kama ulikatika, mkono wa gia ungeweza kurudi nyutro na kucheza huku na huku, ilhali uma umebaki pale pale na gia imo. Kwa miaka kumi na tisa alifungua giaboksi za watu wengine, zaidi ya mia mbili kwa hesabu yake, na ufunguo wa banda ulining'inia kwenye msumari mwingine, juu ya kitanda chake.

Alianza na injini. Aliipanga kazi ili giaboksi iwe ya mwisho, na alijua kwa nini.

Pistoni zilikuwa zimegandana na silinda. Alimimina dizeli iliyochanganywa na oili, akasubiri siku sita, kisha akaingiza mtaimbo kwenye meno ya gurudumu la injini na kuusukuma, upana wa kucha kwenda, upana wa kucha kurudi. Siku ya saba zilijitoa kwa mlio mmoja mkavu. Alibadilisha ringi, akasafisha nozeli, akalitoa tangi na kulikuta na kiota cha nyigu. Aliweka swichi mpya ya stata pale kwenye dashibodi, mahali ambapo huwezi kuifikia bila kukaa kwenye kiti.

Mchomeaji wa jirani, aliyeitwa Cheche kwa sababu nyusi zake zilikuwa zimeshaungua zote, alikuja kuunga bomba la moshi na kiti.

"Fundi, beberu wa namna hii huchinjwa, hatibiwi."

"Shika hapo."

"Nimeshika. Nasema tu. Huyu akiwaka mimi naota nyusi."

"Cheche, chomea. Mdomo haushiki chuma."

"Mke wangu husema hivyo hivyo, halafu anacheka peke yake."

Siku ya kumi na saba Fundi aliweka karai chini ya giaboksi na kulegeza nati ya kumwagia oili, Cheche akilishikilia karai. Oili ilitoka polepole, nyeusi, nzito kama lami. Ilipokwisha, Fundi alipitisha vidole kwenye tope lililobaki chini. Mara ya pili vidole viligonga kitu. Alikitoa, akakifuta kwa kitambaa. Ilikuwa skrubu, nzima, meno yake hayajaguswa.

Alifungua bolti kumi za kifuniko, wakakinyanyua pamoja. Alimulika kwa tochi. Fimbo ilikuwa nyutro. Uma wa gia ya kwanza ulikuwa mbele ya tundu lake kwenye fimbo kwa upana wa vidole viwili, na gia ilikuwa imeingia, imekaa kama siku ile. Nusu ya msumari ilikuwa bado kwenye tundu. Nusu nyingine ilikuwa imelala kwenye ukingo.

Cheche aliinama kutazama. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika siku ile na kupanda juu ya trekta.

"Mkono wa gia ulikuwa unacheza," alisema. "Nilipoushika ulikuwa unacheza tu. Nilidhani mimi ndiye niliyeutoa kwenye gia. Nikawaambia watu hivyo."

"Na mlipolivuta mpaka hapa?"

"Nilikanyaga klachi njia nzima. Nikiiachia, magurudumu yanagoma. Mguu ulikufa ganzi." Alijifuta uso. "Kama lilikuwa nyutro, klachi ya nini? Wanaume wanane, hakuna hata mmoja aliyeuliza."

"Hamkuwa mnafikiria klachi."

"Huo msumari ni wa nani?"

"Wangu."

Alimweleza. Hakupamba wala hakupunguza. Cheche aliketi juu ya gurudumu la akiba.

"Sikiliza," alisema baadaye. "Msumari hauna jina la mtu. Mwambie mama skrubu ililegea yenyewe. Chuma si huchakaa? Kaka yako anasafishika, anarudi, mama anamwona, basi. Nani atabisha? Mimi sitabisha."

Fundi alilifikiria. Lilikuwa shauri zuri na lilitosha kwa kazi iliyotakiwa. Angeweza kuuchomoa msumari, akautia kwenye karai la oili chafu, na kabla ya saa sita ungekuwa shimoni. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni siku ile ya kifuniko, na taulo la kumfutia binti yake mikono. Jambo la kwanza atakalouliza ni nani aliyekaza. Na baada ya uongo wa pili, Fundi angelazimika kula naye meza moja mpaka mwisho.

"Nusu ya kipimo si kipimo," alisema, akachukua sinia.

Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito miwili. Fundi aliweka sinia mapajani pake: skrubu moja, vipande viwili vya msumari. Alieleza uma ni nini na fimbo ni nini, na kila kimoja kilikutwa wapi. Alieleza kwamba kaka aliurudisha mkono wa gia nyutro kama alivyosema, na kwamba gia haikutoka. Alieleza pia bisibisi: kwamba kama baba angewasha akiwa kitini, mguu kwenye klachi, angeshtuka tu. Sababu zilikuwa mbili na zote zilihitajika.

Mama aliokota kipande kimoja cha msumari, akakigeuza.

"Baba yako alikuuliza kama umefunga."

"Aliniuliza."

"Nilisikia ukimjibu."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi ninamtoa mwanangu nyumbani, wewe umesimama pale. Ulijua?"

"Nilijua nimeweka msumari. Sikujua ulikatika."

"Ufunguo wa banda ulikuwa wapi?"

"Juu ya kitanda changu."

"Hukutaka kujua," mama alisema.

"Sikutaka."

Mama alirudisha kipande kwenye sinia, akakipanga sawa na mwenzake. "Mpigie kaka yako," alisema. "Mwambie mama yake anamwita." Kisha akageukia ukuta.

Fundi alipiga simu akiwa bandani. Alimweleza kaka yote, kwa mpangilio ule ule. Upande wa pili mlio wa cherehani ulikuwa umekoma tangu sentensi ya kwanza.

"Unajua," kaka alisema mwishowe, "nilikuwa nashona suruali za watu huku nikiurudia ule mkono wa gia. Niliuvuta, sikuuvuta, niliuvuta. Mwaka wa tano au wa sita nikaanza kuona kwamba sikuuvuta. Mpaka leo nikifumba macho, naona sikuuvuta. Umenielewa? Mmenifanya nikakumbuka kitu ambacho hakikutokea."

"Kaka..."

"Nakuja Jumatano."

Kabla ya Jumatano Fundi alirudisha uma mahali pake, akaukaza kwa skrubu mpya na kuifunga waya, akavuta, akakagua, akavuta tena. Alijaza oili. Jumanne asubuhi alikaa kitini, akakanyaga klachi, akabonyeza swichi. Beberu alikohoa moshi mweusi mara mbili, kisha akashika mngurumo. Kuku walikimbia. Dirisha la mama lilifunguliwa, likabaki wazi mpaka alipozima.

Kaka alifika saa tatu Jumatano, amevaa koti alilolishona mwenyewe, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Aliingia ndani kwa mama na mlango ukafungwa. Fundi aliwasikia wakilia, kisha hakusikia kitu. Walipotoka, mama alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili, na kiti chake cha kukunja kilikuwa begani kwa Cheche.

Kaka alilizunguka trekta mara moja.

"Swichi iko juu," alisema.

"Iko juu," Fundi alijibu.

"Nyutro ni nyutro?"

"Nyutro ni nyutro. Jaribu."

Alipanda. Alishika usukani, na mguu ukakumbuka klachi. Mistari sita ilimchukua saa mbili na nusu, kwa sababu vichaka vilikuwa vimeota na jembe lilikwama mara nne. Mama alikaa pembeni mwa shamba, khanga amejifunika kichwani, hakuyaondoa macho. Mstari wa sita ulipokwisha alisema, "Haya," akasimama.

Fundi alibaki nyuma kupoza injini, kufunga mlango wa banda na kunawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka mikunjo ya vidole ikaonekana. Saa nane kasorobo aliingia ndani. Mama na kaka walikuwa wameshaanza kula. Mezani palikuwa na sahani mbili, na ile ya mbele ya kaka ilikuwa ya bati, imesuguliwa kwa mchanga, ukingo wa buluu umebanduka sehemu tatu.

Mama hakuinua macho. Kaka aliyainua, akayashusha.

Fundi alikwenda kabatini. Sahani yake haikuwapo. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa chini ya bomba, imejazwa maji, na kuku wawili walikuwa wakinywa.