Kitu Kilichofukuliwa Chini ya Mtungi

Komora alikuwa ameshapanda tuta, godoro amelifunga kwa kamba juu ya baiskeli, wala hageuki nyuma. Watu wa kijiji cha Idsowe waliokuwa wakipalilia mpunga waliinua migongo kumtazama. Mwanamume kuhama na godoro mchana kweupe! Nyuma yake alikuja Lois, mkewe, leso imemkaa ovyo, anakazana asimpoteze. Alitaka jambo moja tu: kabla mumewe hajapanda gari la kwenda kwa nduguye kule Ndera, apite kwanza zahanati ya Garsen akasikie mwenyewe. Akishapanda, basi. Komora hakuwa mtu wa kurudi alikotoka.

Kisa ni kitu alichokifukua asubuhi ile. Mtungi wa maji ulikuwa umeinama, akaingiza mkono kusawazisha mchanga, mkono ukagusa kitambaa chenye fundo. Ndani mna tyubu kama ya dawa ya meno na kijibomba cha plastiki. Akamwita jirani yao Kabibi, Mgiriama anayejifanya kujua kila kitu.

"Uwi!" Kabibi aliruka nyuma. "Kimezikwa chini ya mtungi? Baba Caleb, hapo umefungwa. Kila ukinywa maji unafungwa upya."

Komora akajumlisha mambo yake. Miaka miwili mke anamgeuzia mgongo. Mara kachoka, mara kichwa, mara joto. Kumbe amemfunga!

Lois alikuwa na jibu, ila mbele ya Kabibi halikutoka. Angeanzia wapi? Kwamba tangu hedhi ikome, huko chini kumekauka kama shamba lililohamwa na mto? Kwamba kitandani alikatwa kama kwa wembe, mkojo ukamchoma, na hata kuketi kwenye mtumbwi kulimtoa machozi? Alidhani ndio uzee wenyewe, kwamba mahali pale pamemtangulia kufa.

Mwezi uliopita mkojo ulipomzidi ndipo alipoenda Garsen. Muuguzi Swabra, mtu wa Kipini, akampima, akamuuliza kama hutokwa na damu, kama ana uvimbe kwenye titi, kisha akampa dawa. "Weka mahali pa baridi, mamangu. Joto la hapa litaiharibu."

Na baridi ya Idsowe iko wapi, kama si kwenye mchanga chini ya mtungi? Lois alijua watu husema nini juu ya vitu vilivyozikwa pale. Akazika hivyo hivyo.

"Baba Caleb, ngoja basi!"

"Ningoje umalize kunifunga?"

"Ningekuwa nimekufunga, ungekuwa unaondoka?"

Baiskeli ikasimama. Komora akatazama godoro, akamtazama mkewe.

"Ama dawa yenyewe ni mbovu," alisema.

"Basi twende tukawaambie ni mbovu."

Pale zahanati Lois alikitoa kile kitambaa; Komora hakukigusa. Alikisukuma mezani kwa ncha ya kijiti. Swabra akakifungua, akajipaka dawa kidogo kidoleni.

"Uganga wenyewe ndio huu?" Akamgeukia Lois. "Nimwambie?"

Lois akaitikia kwa kichwa.

"Baba, mwanamke akikoma hedhi, homoni moja hupungua mwilini, yaitwa estrojeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiifanya ngozi ya ukeni iwe laini na yenye majimaji. Ikipungua, ngozi inakonda, inakauka, ikiguswa inachubuka. Dawa hii inarudisha homoni hiyo kidogo tu, palepale panapouma. Hapo ndipo inapofanya kazi, haizunguki sana mwilini."

"Kwa hiyo hakunikataa."

"Alikuwa anaumia."

Komora aliketi. Alikuwa mtu mrefu, lakini kwenye benchi lile alionekana mdogo. "Miaka miwili uliumia, Mama Caleb, nami nahesabu kwamba wanichukia?"

Hapo Lois akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Wiki ile, alfajiri moja, alitoka kwenda haja ndogo kwenye migomba. Akakunja uso kungojea moto wa kila siku. Haukuja. Akasubiri tena. Haukuja. Akabaki amechuchumaa pale, anaogopa hata kuinuka, kama mtu aliyeshuka kwenye mkondo wa zamani wa mto, vumbi tupu, akakanyaga kwa kisigino na kuona maji yanajaa kwenye alama ya mguu wake.

"Niliogopa," alisema. "Nilidhani kitu changu kimekufa, nimeshakizika. Kumbe kiko hai. Muda wote huo kilikuwa hai!"

Hakuna aliyecheka. Komora aliinamia kile kidoa cheupe kidoleni mwa Swabra, akakitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama maji ya mto yanapopanda.

"Kitu kidogo hivi," alisema. Akavua kofia.

Swabra akarudia maagizo: bado ni mapema, maumivu mengine yatachukua wiki kadhaa kuisha, akiona damu, aje mara moja.

Komora alirudi Idsowe siku hiyohiyo na godoro lake. Nduguye wa Ndera alimngoja mpaka jua likazama, akala samaki peke yake. Lois anatumia dawa mara mbili kwa wiki, na Komora ndiye anayeulowesha mchanga asubuhi ili dawa ibaki baridi. Kabibi alikitangazia kijiji kizima kwamba ni yeye aliyewafungua. Baadaye alikuja na jani la mgomba kuomba apakuliwe dawa kidogo, Lois akakataa, akampeleka Garsen, akapimwa na kupewa yake. Swabra alihamishiwa Hola. Caleb, mtoto wao aliye Mombasa, hakuambiwa. Mtungi ulipasuka wakati wa mafuriko, wakanunua mwingine.