Barua ya Tatu ya Niyongabo

Illuminée alikuwa na ulimi mkali, na asubuhi hiyo Niyongabo ndiye aliyeuonja. Tangu jana duka la Kagugu lilikuwa haliipati seva ya kiwanda cha maziwa pale Masoro, na Illuminée, fundi mkuu wa kompyuta kiwandani, alishampata mkosaji: laini mpya ya mtandao iliyofungwa na Niyongabo, fundi wa kampuni ya mtandao. Barua ya kumlalamikia ilikuwa kwa mkurugenzi Gakwaya, ikingoja sahihi. Ilikuwa ya tatu, na kampuni ya Niyongabo humfukuza fundi kwa barua ya tatu ya malalamiko.

"Laini yenu imekufa," alimwambia kwa mara ya kumi.

"Tuangalie tu majibu yanatokea wapi, madamu."

Akakubali, ili amnyamazishe. Akampigia Gaudiose wa dukani ajaribu tena, huku yeye akizikodolea macho kadi mbili za mtandao za seva. Ombi la Kagugu likaingia kadi ya pili, salama salimini, kwa laini hiyohiyo iliyokufa. Jibu likatokea kadi ya kwanza, likashika laini ya zamani, na huko likatupwa. Seva ilikuwa inapokea wageni mlango mmoja na kuwajibu kwa mwingine.

Illuminée akahisi masikio yakipata moto. Amri ya kurudisha majibu kwa kadi ya pili aliiandika yeye Jumatatu, bila kuihifadhi. Jana umeme ulikatika, seva ikazimika, ikawaka imeisahau.

Akaiandika upya, akaihifadhi, akazima na kuwasha. Gaudiose akapiga: "Sasa iko inafungua."

Gakwaya akaingia na barua na kalamu. "Kwa hiyo ilikuwa laini?"

Illuminée alitamani ardhi immeze. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno.

"Laini ilikuwa nzima, mkurugenzi. Kosa ni langu." Akaichukua barua, akakata jina la Niyongabo, akaandika lake.

Gakwaya akaisoma yote, akaangua kicheko. "Kwa maneno haya nitakufukuza wewe, kisha nibaki na nani?" Akaichana.

Walipobaki wawili, Niyongabo akasema alishajua tangu saa tatu kuwa kosa liko kwenye seva.

"Mbona hukusema?"

"Mulikuwa na hasira, madamu. Mungenisikia?"

"Na ningenyamaza?"

Niyongabo akafunga mkoba wake taratibu. "Kazi yangu ingekwisha. Lakini ningekuwa nimewajua mulivyo, madamu."

Illuminée akainuka. Akaenda kumletea chai mwenyewe, maziwa mengi.