Nguzo ya Kona

Asubuhi ya sikukuu, Yasue alikuta nguzo ya kona ya mbele ya jukwaa imeng'olewa. Limebaki shimo tu.

"Ilikuwa inawazibia wakubwa wa mkoa," alisema Kurata, karani wa mji, akipangusa viti vya mbele.

Hao hao! Mwaka wa bwawa walimeza mashamba ya bondeni. Mwaka wa barabara wakafukua makaburi. Yasue hakusahau hata moja. Leo wamefikia nguzo.

Maana nguzo ile ndiyo macho ya mumewe, Kihei, achezapo jukwaani na kinyago usoni. Kinyago kina vitundu viwili vidogo mno. Mchezaji haoni miguu yake wala ukingo wa jukwaa. Huiona nguzo, akajua aishie wapi. Na Kihei ana miaka sabini na minane, na chini ni mawe matupu.

Alimfuata chumba cha kioo, nyuma ya jukwaa, mchezaji anapovalia kinyago.

"Baba Shino, mwaka huu acha."

"Niache? Na huyu nimwambieje?" Kihei alikiinamia kinyago cha msichana kwa heshima, kama mtu anayemlaki mkwe, kisha akakifunga usoni. Mkulima wa mpunga akatoweka.

Yasue akatoka na kreti la tofu, akalisimamisha chini ya ile kona, akapanda juu yake na kitambaa chake chekundu kichwani.

"Mama, shuka! Wageni hawaoni!" Kurata alifoka.

"Na mume wangu haoni. Ila wao wamekaa."

"Mwambie huyo, Mama Shino!" sauti ilitoka nyuma, ukumbi ukaangua kicheko.

Ngoma zikalia. Kihei akaja akiburuta nyayo zake katika soksi nyeupe, taratibu, moja kwa moja kuelekea kwenye kitambaa. Hatua tano. Tatu. Yasue alitamani kupiga ukelele. Akabana meno, hakupepesa macho.

Kihei alisimama shibiri moja kutoka ukingoni. Akakiinua kinyago kidogo tu, na ule mti mkavu ukatabasamu. Akakiinamisha, ukahuzunika. Miaka arobaini na minane Yasue alikuwa akiutazama uso ule kwa kuchungulia katikati ya visogo vya watu. Leo ulikuwa wake peke yake, na wakubwa wa mkoa wakatazame mgongo wake!

Baadaye, chumbani, Kihei alikivua, jasho likimtiririka.

"Nguzo ya mwaka huu ina pua nyekundu."

"Ni baridi hiyo. Nyamaza, ubadili soksi."