Andalio la Mashine

Salima alikuwa mtoto wa Mtawanya, nchi kavu, na mafuriko ya Rufiji aliyajua kwa kusikia tu. Sasa yuko Mohoro kwa mazoezi ya kufundisha, na siku ya kupimwa ndiyo hii. Akifaulu, ni mwalimu wa jiografia. Akishindwa, arudi chuoni mwaka mzima.

Ulikuwa mwaka wa kufunguliwa daraja la Ndundu, na chuo chao kilikuwa kimepata kompyuta ya ajabu. Ukiitajia mada, inakuuliza maswali mawili matatu kama mtu, halafu inakutolea andalio zima la somo. Akili ya kutengenezwa, waliiita. Mkufunzi Sufiani, aliyekuja kumpima Salima, aliipenda kama mwanawe wa kwanza.

"Mafuriko ni adui," Salima akasoma kwenye andalio la mashine hiyo. "Maji yakija, tufanyeje?"

"Tuhame, mwalimu!"

"Na mashamba?"

"Tuyaache, mwalimu!"

Darasa la tano likaitika kama linaimba kaswida. Kule nyuma mkufunzi akatabasamu.

Hatua ya mwisho, watoto wachore mafuriko. Salima akapita kati ya madawati, akasimama kwa Mwanaamina. Mtoto kachora dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, mtumbwi umefungwa ngazini, na juu kabisa bibi anacheka meno yote nje.

"Bibi anachekea nini?"

"Maji yamekuja, mwalimu. Yakishapungua tunapanda mlao. Mahindi yanaota kwenye tope lenyewe, hata mvua hayaiulizi."

"Mbona umesema tuhame?"

Mwanaamina akainama, akanong'ona, "Wewe mgeni wetu. Mgeni hakosolewi mbele ya mkubwa wake."

Salima akatupa macho kwenye karatasi za wengine. Kila mahali watu wanacheka. Kumbe darasa zima lilikuwa linamsitiri! Mkufunzi hajaona kitu, kengele i karibu. Angenyamaza tu, ualimu ungekuwa wake.

Akalikunja lile andalio.

"Nimewafundisha sivyo," akasema kwa sauti. "Tuanze upya. Maji yakija, kwenu huwaje? Semeni kweli, jamani."

Hapo darasa likachangamka! Huyu kambare, yule maboga, yule mpunga. Haruni akasema yapo na maji mabaya, yaliwachukulia nyumba mwaka mmoja, wakalala kwa jirani mpaka kukakauka.

Kengele ilipolia mkufunzi akaja mbele, uso mkavu.

"Hukufuata andalio."

"Sikulifuata, mkufunzi."

"Basi alama za hapo sikupi." Akafunika kalamu yake. "Za kwingine zote umezipata. Umefaulu, mwanangu. Na hayo ya mlao niandikie, nikaiambie ile mashine. Haikuwa na wa kuiambia."

Mwanaamina alikuwa bado hajatoka. "Kwani haina bibi?"

"Haina."

"Masikini!"

Asubuhi yake akaja na boga kichwani, akalitua miguuni pa Salima.

"Bibi kasema mumpelekee huyo mashine. Yatima hapiti Mohoro mikono mitupu."