Meneja Nje ya Geti Lake

Mbaluka, meneja wa ranchi, aliwaona ng'ombe wa Moses kabla hajamwona Moses mwenyewe. Walikuwa wanapanda polepole kuelekea ranchi, vumbi limewafunika mpaka pembe, na kwa jinsi walivyoinamisha vichwa ulijua wametoka mbali. Walitoka Oltepesi, huko njia ya Magadi, ambako mwaka huo nyasi zilikuwa zimeisha hata chini ya mawe.

Alifurahi kuwaona. Priscilla, mama mwenye ranchi ya Endoinyo, alikuwa amempigia simu kutoka Kitengela na kumwambia ampe Moses upande wa nyuma wa kilima mpaka mvua inyeshe. Mbaluka hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ukame uliopita, Endoinyo ilipokauka kabisa, Moses ndiye aliyewachukua kondoo wa ranchi na kuwanywesha kwenye kisima chake msimu mzima bila kuuliza kitu.

"Fungua geti," akamwambia Katee, mlinzi. "Wageni wamefika."

Akatoka nje kuwapokea.

"Sopa, Baba Nzilani!" Moses akamsalimia.

"Epa, Moses."

"Umenenepa wewe! Mama Nzilani anakupikia muthokoi mchana na usiku?"

"Na wewe umekonda. Sijui ni wewe unashika hiyo fimbo ama ni yenyewe inakushika."

Wakacheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Kisha Mbaluka akapita katikati ya ng'ombe, akiwapapasa migongo, kwa sababu hakuwa mtu wa kusimama karibu na ng'ombe bila kumgusa. Pembeni alisimama mtamba mmoja mweusi. Alikuwa anatikisa mguu wa nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, analamba midomo, na mate yananing'inia marefu kama uzi.

Mbaluka akamshika puani, akamfungua mdomo, akauvuta ulimi. Ngozi ya ulimi ikabaki kiganjani mwake.

Shule aliiacha darasa la sita akaenda kuchunga ng'ombe za watu, na ugonjwa huu wa midomo na kwato, ambao Wamaasai huuita oloirobi, aliujua tangu wakati huo. Ng'ombe mkubwa mara nyingi hupona, lakini maziwa hukauka, mimba hutoka, na ndama huanguka akafa akiwa bado ananyonya. Huko juu kilimani, ng'ombe wa Endoinyo walikuwa na mimba kubwa, wengine wamebakisha siku chache tu. Ukame ulikuwa umewapunguza vibaya. Waliobaki ndio walikuwa mbegu. Hao wakiharibika hakuna ranchi tena, kinabaki kilima cha kukatwa ploti kama walivyokata huko Kisaju.

"Moses, hii ni oloirobi."

"Ni miiba. Wamekula miiba njiani. Kulikuwa na kitu gani kingine cha kula?"

"Na mguu?"

"Ni mawe."

"Mdomoni miiba, miguuni mawe. Na haya mate, anaona chakula gani?"

Moses hakucheka. Mbaluka akajifuta mkono kwenye suruali.

"Hawaingii."

"Unasema nini?"

"Hawa ng'ombe hawaingii Endoinyo."

Moses alimtazama kana kwamba ametukaniwa mama yake. "Kondoo zako zilikunywa maji yangu. Watoto wa ndugu yangu walisimama nyuma ya kondoo zako kwenye foleni ya kisima. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Na bado unanifungia geti?"

"Kondoo nilizokuletea zilikuwa zima. Kama ningekuletea ugonjwa ungenifukuza na rungu, na ningestahili."

"Basi narudi kwangu!"

"Na kurudi hurudi. Utapitia boma ngapi mpaka Oltepesi? Zote uziambukize? Utakaa hapa, nje ya waya. Maji nitapitisha na mpira, nyasi nitakupa kwa stoo yetu. Nusu ya stoo. Lakini ndani, hapana."

Akageuka aende zake. Katee alikuwa amelishikilia geti wazi, anangoja. Mbaluka alipobakisha hatua moja alisimama. Akatazama mikono yake. Mate ya yule mtamba yalikuwa yamemfika viwikoni, na viatu vyake vilikuwa vimekanyaga kila kitu.

"Funga, Katee."

"Si ingia kwanza."

"Funga nikiwa huku huku."

Katee alimwangalia kama anayemwona mtu aliyepigwa na jua. "Meneja, wewe si ng'ombe."

"Mikono yangu imetoka mdomoni mwa ng'ombe. Funga, tia kufuli. Hata nikikubembeleza, usinifungulie."

"Na chakula?"

"Utanirushia."

"Kama mbwa?"

"Kama meneja."

Basi akaiendesha ranchi kutoka nje. Alisimama kwenye waya akapaza sauti: wale wenye mimba wapandishwe juu kabisa, kondoo wasiteremke bondeni, na yeyote aliyekaribia geti asikaribie boma. Akampigia simu daktari wa mifugo wa Kajiado. Daktari alikuja, akafungua midomo ya ng'ombe, akasema ni ugonjwa wenyewe. Akaamuru mnyama yeyote asitoke wala asiingie, na akaahidi kutafuta chanjo ya wale wa ndani. Halafu akasema kila kiatu na kila gurudumu lioshwe, na maji ya magadi yangefaa sana kama wangeyapata.

"Magadi?" Moses akasema kwa hasira. "Hiyo iko. Punda wangu amebeba gunia zima. Ilikuwa zawadi ya huyu bwana anayenifukuza."

"Asante," Mbaluka akasema, akachukua jembe, akaanza kuchimba mtaro wa maji ya magadi mbele ya geti.

Jioni hiyo walikula ugali wa Moses kwenye sufuria moja, wala hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Kesho yake Priscilla akafika na pikapu kutoka Kitengela. Watu wa nyumbani kwa Moses walikuwa wameshamjaza maneno kwenye simu. Aliruka chini, akapita katikati ya ng'ombe mpaka alipokuwa Mbaluka.

"Nani alikuambia ufungie mgeni wangu nje?"

"Ni mimi."

"Mimi nilisema aingie!"

"Ulisema ukiwa Kitengela, mama. Njoo uone ulimi."

Akauona. Alikuwa amezaliwa kwenye boma, hakuhitaji kufafanuliwa. Akafunika mdomo kwa leso, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi nifungulie nione ng'ombe wangu."

"Hapana."

"Ati?"

"Umekanyaga hapa. Huingii."

"Katee! Fungua!"

Katee alitoa ufunguo, akaurudisha mfukoni, akautoa tena. "Sasa mimi nisikie nani? Mwenye ranchi ama mwenye kazi?"

"Ranchi ni yangu!"

"Ni yako," Mbaluka akasema, bila kupepesa macho. "Na kunifuta kazi unaweza, sasa hivi. Lakini utanifuta ukiwa nje. Wale walioko juu uliniachia mimi, na mpaka unifute, hakuna kiatu chenye haya mate kinapita hapo. Si cha Moses, si changu, na si chako."

Priscilla alivuta pumzi ili aseme neno ambalo lingekuwa gumu kulirudisha. Moses akamwahi.

"Mama, usijichoshe. Huyu hata yeye mwenyewe amejifungia. Jana amelala hapo chini, amekula ugali wangu kama mkimbizi."

Priscilla akaliona blanketi chini ya mti wa miiba, na ile sufuria. Akalitazama geti, na huyo meneja mchafu aliyekaa upande usio wake.

"Unataka nini kutoka Kitengela?" akauliza hatimaye.

"Marobota ya nyasi laini. Midomo yao haiwezi kutafuna ngumu. Na kabla hujaondoka uoshe magurudumu na viatu kwenye magadi."

"Niko na viatu vya kanisa, Mbaluka!"

"Mungu ataelewa."

Hapo kazi ikaanza. Waliosha midomo ya ng'ombe kwa maji ya chumvi, wakawashikia nyasi, wakawaburuta kivulini waliokataa kusimama. Wakubwa walianza kupata nafuu mmoja mmoja. Ndama wa Moses hawakuwa na bahati hiyo. Walikuwa wanalala wakiwa wazima na asubuhi hawaamki.

Huko juu, wale wa Endoinyo wakaanza kuzaa. Mbaluka alisikia tu sauti, kwenda hakuweza. Asubuhi moja akashindwa kujizuia, akakimbilia waya.

"Katee! Amezaa nani?"

"Ile ya pembe moja! Ndume!"

"Amesimama?"

"Amesimama, ananyonya mpaka mkia unacheza!"

Mbaluka akacheka kwa nguvu, akageuka. Moses alikuwa nyuma yake, amebeba ndama aliyekufa, miguu inaning'inia.

"Nisamehe."

"Kwa nini?" Moses akasema. Akamlaza ndama chini taratibu. "Uliza tena. Wangapi wamezaa? Uliza kwa sauti nisikie na mimi. Angalau kuna mahali ndama anasimama."

Mbaluka akauliza. Katee akawataja wote, mama kwa mama, na Moses akasikiliza akiwa ameegemea fimbo, macho yake kilimani.

Alikuwa bado amesimama hivyo vumbi lilipoinuka chini kwenye njia. Lilikuwa kundi lingine, kubwa kuliko lake, na mbele yake vijana wawili wanapiga mbinja. Habari za nyasi za Endoinyo zilikuwa zimesafiri. Mbaluka akageuka awazuie, lakini Moses alikuwa tayari ameshaondoka, anateremka mbio na miguu yake mibovu, fimbo juu.

"Ero! Rudisha! Rudisha ng'ombe! Hapa kuna oloirobi!"

Vijana wakasimama, wakatazamana. Mmoja akapaza sauti:

"Ng'ombe za nani ziko na oloirobi?"

Moses alisimama katikati ya njia. Jina lake lilijulikana kote huko kwa ng'ombe wasafi. Watu walikuwa wanampelekea mitamba yao kwa fahali wake.

"Ni zangu," akasema. "Za Moses wa Oltepesi. Sasa rudi nyuma."

Kundi likaanza kugeuka. Moses hakuondoka njiani mpaka ng'ombe wa mwisho alipopotea kwenye vumbi.