Mkono Nyuma ya Kiti

Katika kiwanda cha nguo mashine zina kelele kiasi kwamba wafanyakazi huongea kwa mikono. Wanachokisema hakipotei. Kila kiganja hubaki hewani pale kilipoinuliwa, hakionekani lakini kinagusika, na Jumamosi mfagiaji huviangusha vyote kwa ufagio mrefu, watu wasije wakaumia vichwa.

Fundi Saa alifika Ijumaa kumletea mkewe funguo alizosahau. Alipoikaribia mashine ya mkewe aligonga paji la uso. Akapapasa. Kilikuwa kiganja cha mkewe, na pembeni yake kingine, na kingine tena, vimejaa tele, vyote vimeelekea upande wa Grisi, yule mtia mafuta mashine. Vilikuwa vya moto.

Wivu ukampanda. Nyumbani kwake mtu angeweza kutoka mlangoni hadi mezani amefumba macho asigonge kiganja hata kimoja. Akaking'oa kile chenye joto kuliko vyote, akakitia mfukoni mwa koti, akaondoka, na funguo zenyewe akaondoka nazo.

Jioni alikaa kwenye kiti chake, koti bado mwilini, akakiweka kiganja mezani katikati ya saa mbovu. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hiki ulikuwa unamwambia nini yule bwana?"

Mkewe akainama, akakipapasa. "Kwamba mkanda umelegea."

"Mkanda! Mbona kinaunguza?"

"Alikuwa ananitazama, mume wangu."

"Na mimi je? Hujaniachia hata kimoja."

"Nimekuachia. Kipo hapo nyuma ya kiti, tangu mwaka tuliohamia."

Fundi akapeleka mkono nyuma bila kugeuka. Kweli, kilikuwepo, usawa wa bega, kimebakiza kidogo tu kimguse, baridi kama bomba la asubuhi. Alikijua vizuri. Ndipo alipokuwa akitundika koti miaka yote. Alidhani ni msumari wa mwenye nyumba.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" akauliza, huku akibana lenzi jichoni na kuinamia saa.

Mkewe akamjibu kwa mikono, taratibu, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Fundi akasubiri. Roho ilimuuma. "Unaona? Kwa Grisi una maneno. Kwangu umenyamaza."

Akavua koti na kulitundika nyuma, palepale. Siku hiyo halikuteleza hata kidogo. Misumari sasa ilikuwa mingi.