Mtani Hayumo Kwenye Orodha

Usiku wa jana niliota nimefika kazini saa moja na nusu asubuhi, nikakuta kiolezo cha barua ya rambirambi kimekaa kwenye kiti changu, kimekunja nne, kinakunywa chai kwenye kikombe changu.

Nieleze kwanza, asije mtu akadhani mimi ni wa kuota ovyo. Mimi ni afisa utumishi wa kampuni ya miche ya parachichi hapa Njombe. Tuko watumishi thelathini na mmoja, na kwa miezi mitano sasa kazi zangu zote nimezikabidhi kwa violezo. Mtu akitaka likizo anajaza fomu kwenye kompyuta, fomu inakwenda yenyewe kwa mkubwa wake, inarudi yenyewe na majibu. Mtu akipata mtoto, pongezi zinakwenda zenyewe. Mtu akifiwa, rambirambi zinakwenda zenyewe. Sikuvitunga mimi violezo hivyo. Nilivikuta tayari, nikabadilisha nembo tu. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watu, na tangu siku hiyo natembea kwenye korido polepole kama mtu asiye na kazi, kwa sababu kweli sina.

Jumanne, Editruda Mhagama wa kitengo cha vitalu alifiwa na mama yake, Bibi Kandida. Editruda ni Mngoni, mimi ni Mhehe. Ni mtani wangu, na kwa miaka sita hatujawahi kusalimiana kistaarabu. Anayejua mambo ya kwetu anajua kazi ya mtani msibani. Anakwenda kuvuruga kilio, anamwiga marehemu, anakwapua vitu vya wafiwa na kugoma kuvirudisha mpaka akombolewe, hadi watu wacheke huku machozi yanawatoka. Msiba usio na watani ni wa baridi. Basi nikafungua fomu ya ruhusa ya msiba, nikafika penye "Uhusiano na marehemu", nikakuta mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Mtani hayumo. Nikafunga fomu. Rambirambi zilikuwa zimeshakwenda, nikajiambia inatosha.

Sasa ndoto yenyewe.

"Karibu, Ndugu Jina Kamili," kikasema kiolezo. Kilikuwa kimevaa tai.

"Mimi naitwa Kastori Kikoti."

"Bado hujajazwa."

Nikatazama kitambulisho kifuani. Kweli, palikuwa na mabano mawili, na ndani yake JINA KAMILI. Nikaona ni mambo ya utaratibu, nikaenda kwenye birika kujimiminia chai nyingine.

"Sehemu zenye nyota ni lazima zijazwe," likasema birika.

"Nyota ziko wapi?"

"Juu."

Naangalia juu. Dari limeondoka. Angani kuna nyota tatu nyekundu, saa moja na nusu asubuhi, jua linawaka.

"Nizijaze kitu gani?"

"Chochote. Watu wengi huweka nukta."

Nikatoa kalamu mfukoni, nikanyoosha mkono, nikaweka nukta tatu. Nyota zikazimika. Birika likanimiminia kikombe, nikaonja, haikuwa na ladha yoyote.

"Hiyo ni chai ya mfano," likasema. "Badilisha uweke chai yako."

Nikarudi kwa kiolezo. Nilikuwa nimeanza kukereka, maana kiti kile nilikiomba miaka miwili ndipo nikapewa.

"Unafanya nini ofisini kwangu?"

"Napumzika. Nimetoka msibani Songea."

"Kwa Editruda?"

"Kwa Jina la Mfiwa. Nimemfariji kwa masikitiko makubwa."

"Alilia?"

Kiolezo kikajipekua mbele, kikajipekua nyuma. "Sehemu hiyo sina," kikasema.

Hapo nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni. Nikasema nataka kwenda mwenyewe.

"Ikiwa unataka kwenda," kikasema kiolezo, "basi pita kwenye orodha." Kikavuta mtoto wa meza yangu. Ndani, mahali ninapoweka pini na karanga, kulikuwa na ngazi za saruji zinazoteremka gizani.

Nashuka. Kila ngazi inauliza ninapoikanyaga.

"Wewe ni mzazi wa marehemu?"

"Hapana."

"Teremka. Wewe ni mwenzi wake?"

"Bibi Kandida alikuwa na miaka sabini na nane."

"Hilo sikuuliza. Teremka."

Hivyo hivyo kwa mtoto, hivyo hivyo kwa ndugu wa tumbo moja, ambaye alinishika kifundo cha mguu na kuniuliza kama nina uhakika. Chini kabisa palikuwa na mlango, na mbele yake mlinzi amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Kwenye kofia pameandikwa MENGINEYO.

"Watu hawafiki huku," akasema. "Wote huishia juu. Haya, jieleze kwa maneno yasiyozidi mia mbili hamsini."

"Mimi ni mtani."

Akahesabu kwa vidole. "Matatu. Yamebaki mia mbili arobaini na saba. Huyataki?"

"Nitayatumia huko niendako."

"Basi yabebe, mimi sina stoo."

Akanitwika gunia. Maneno mia mbili arobaini na saba ni mazito kuliko mahindi, na yanasukumana. Nikasukuma mlango kwa goti, nikatokea uani kwa akina Editruda, Mfaranyaki, Songea, saa sita mchana.

Turubai limefungwa. Viti vya plastiki vimepangwa. Kwenye kila kiti imekaa barua, imenyooka, ina nembo kichwani na mhuri tumboni. Hakuna inayosema kitu. Katikati, juu ya mkeka, amekaa Editruda, na pembeni yake baba yake mdogo, mzee mwembamba anayejipepea kwa bahasha.

Nikaweka gunia chini, nikasogea. Nilitaka kusema pole mtani. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Kwa niaba ya menejimenti na wafanyakazi wote," nikasema, "kwa masikitiko makubwa..."

Editruda akainua uso. Ulikuwa uso wa adabu kabisa.

"Ujumbe wako umepokelewa," akasema. "Tafadhali usijibu ujumbe huu."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ndotoni, na mimi nimeshaota simba. Miaka sita mwanamke huyu ananiita majina, ananifichia funguo, anawaambia wageni kwamba mimi ndiye mfagizi. Leo ananijibu kwa adabu.

"Yuko hivyo tangu Jumanne," akasema baba mdogo. "Hajalia, hajacheka. Barua zinakuja, anazijibu, zinakaa. Na hivi leo ndiyo tunazika. Kwani huko kazini kwenu hakuna mtani hata mmoja?"

"Yupo mmoja."

"Anaumwa?"

"Hayumo kwenye orodha."

"Orodha ya nani?"

Nikafikiri. "Sijui, mzee," nikasema. "Mimi nilibadilisha nembo tu."

Akaacha kujipepea. "Ninyi Wahehe," akasema, na wala hakumalizia.

Mara kiolezo kikafika, kinarekebisha tai. Shati lake lilikuwa na vifungo vitatu: Tuma, Hifadhi, Ghairi. Kikajikohoza, kikaanza tena, kwa masikitiko makubwa, na barua zote kwenye viti zikaanza kuitikia kwa pamoja. Editruda akafungua kinywa kuzijibu kwa adabu. Sikungoja. Nikabonyeza Ghairi kwa kidole gumba, kwa nguvu.

Kiolezo kikasema, "Una uhakika?"

"Ninao."

Kikajikunja mara mbili, kikajikunja mara nne, kikaingia chenyewe kwenye bahasha aliyokuwa akijipepea nayo baba mdogo. Upepo ukapita chini ya turubai ukaondoka na barua zote, zikavuka ukuta kuelekea kwa majirani. Viti vikabaki vitupu. Nikajua kwamba sasa ni zamu yangu na sina cha kusoma.

Kwenye kigoda karibu na mlango zilikuwa zimekunjwa nguo za Bibi Kandida, zile za kumvisha, na juu yake viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vyenye mkanda. Nikavua kiatu changu cha kushoto. Nikachukua chake cha kushoto, nikaingiza mguu. Mimi navaa namba arobaini na tatu, yeye thelathini na sita. Kilinibana kikanitoa kijasho. Nikaufunga mkanda hata hivyo, nikashika kiuno, nikaanza kutembea kama yeye, ule mwendo wake wa kuinama upande mmoja kana kwamba dunia imelala kidogo.

"Mateka wangu yuko wapi?" nikasema kwa sauti yake. "Yule Mhehe mwenye masikio! Aje abebe kapu!"

Gunia likapasuka na maneno yakatoka yenyewe, yangu mwenyewe, sikuyachagua. Nikasema jinsi alivyokuwa akija ofisini kila Desemba na kapu la mihogo, anampita mkurugenzi akiwa amesimama pale, anakuja moja kwa moja mezani kwangu, ananibebesha kapu hadi stendi. Jinsi alivyodai kwamba babu yake ndiye aliyemkamata babu yangu vitani, kwa hiyo mimi ni mali ya ukoo, na kwamba mpaka leo hajaona hati ya makabidhiano. Jinsi alivyokagua miche yetu elfu nne, mmoja mmoja, akamwambia mkurugenzi kwamba imedumaa kwa sababu inatunzwa na Wahehe. Jinsi siku ile nilipougua malaria alivyopiga simu kutoka Songea kuuliza kama nitakufa kabla ya kumaliza kutumika.

Mabega ya Editruda yakaanza kutikisika.

"Vua kiatu cha mama," akasema. Ilikuwa sauti yake.

"Sivui."

"Vua, Kastori! Ndicho atakachovaa!"

Nikatazama kifuani. Mabano yametoka. KASTORI KIKOTI, limeandikwa, kwa herufi kubwa.

"Nikomboe kwanza."

"Kwa kitu gani, jamani?"

"Jogoo."

"Jogoo! Umekuja mikono mitupu, umechelewa siku tatu, unataka jogoo!" Akacheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, akajipiga magoti, na katikati ya kicheko hicho kilio kikamkamata, kilio chenyewe, cha mtu asiyekuwa na mama tena. Akalia mpaka akalala ubavu kwenye mkeka. Wanawake wakatoka jikoni wakamshika. Na mimi nililia, nimesimama na kiatu cha bibi mguuni, na sioni haya kusema hivyo.

"Haya," akasema baba mdogo. "Sasa msiba umeanza."

Kisha akawaambia wale wanawake wanikamate. Wakaja na miiko. Natimua mbio, nazunguka turubai nikichechemea, naruka kigoda, napita katikati ya sufuria za wali, Editruda nyuma yangu anapiga kelele, nauona mlango wa Mengineyo uko wazi, najitupa ndani.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika chache, ukungu wa Njombe umejaa dirishani. Kilichonifanya niwashe taa ni mguu wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kinawaka moto. Nikafunua blanketi nikatazama, na juu ya mguu, kutoka upande hadi upande, kulikuwa na mstari mwekundu uliobonyea, upana wa mkanda mwembamba. Nilikuwa nimelala bila hata soksi.

Simu ikawaka. Ujumbe wa Editruda.

"Mtani, samahani kukuamsha. Kiatu cha mama cha kushoto hakionekani, tumetafuta nyumba nzima. Tunazika saa tisa. Sijui kwa nini nakuuliza wewe."

Chini ya ujumbe simu ilikuwa imeniandalia majibu matatu ya kuchagua: Pole sana. Sawa. Asante. Nikayaacha hapo hapo. Nikaandika kwa vidole vyangu: "Ninacho. Hakirudi bila jogoo."

Jibu halikuja mara moja. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mguu unapwita, nikifikiri kwamba labda nimekosea, kwamba kuna misiba ambayo haitaki mzaha. Kisha simu ikatikisika mkononi.

"Mwizi mkubwa wewe," ameandika. "Wahi gari la saa moja."